Kawia Ufike: Safari ya Nyanya Kutoka Ilula

Leo twende safari. Tutaanzia Ilula, katika Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa. Tutaishia Soko la Ilala, Dar es Salaam. Ni safari ya zaidi ya kilomita 400. Tutapanda lori, pamoja na matenga ya nyanya. Njiani utaona milima, mibuyu, mto na wanyama wa porini. Utamwona pia adui mmoja ambaye hupanda gari bila kulipa nauli. Adui huyo hana bunduki wala panga. Jina lake ni usingizi.

Safari hii niliifanya mimi mwenyewe. Nitakueleza yaliyonipata, na sitaficha kosa langu. Nakueleza ili wewe usilirudie.

ILULA, MAHALI PA NYANYA

Ukitoka Iringa mjini kwenda Morogoro, utafika Ilula kabla hujachoka. Mji umekaa pande zote mbili za barabara kuu. Hewa yake ni ya baridi kidogo. Udongo wake unapenda nyanya. Wakati wa msimu, utaona matenga yamepangwa kando ya barabara kama nyumba ndogo. Utawaona akina mama wakichambua nyanya. Zilizoiva sana wanaziweka kando. Zenye kuanza kuwa nyekundu ndizo zinazosafirishwa.

Wewe mkulima unaijua nyanya. Haina subira. Mahindi unaweza kuyaweka ghalani miezi mingi. Nyanya ukichelewa siku mbili, inalia maji. Kwa hiyo mwenye nyanya huwa na haraka siku zote. Haraka hiyo ndiyo chanzo cha hadithi yangu.

Msimu huo nilikuwa na matenga 90. Nilikodi lori na dereva wake. Dereva alikuwa kijana mpole, tena hodari. Alikuwa na utingo wake, kijana mdogo zaidi. Tulipatana bei. Nilimwuliza kama gari lina breki nzuri. Akajibu ndiyo. Nilimwuliza kama matairi ni mazima. Akajibu ndiyo. Jambo moja sikumwuliza. Sikumwuliza amelala saa ngapi.

Baadaye nilikuja kujua. Siku hiyo kijana aliamka saa 11 alfajiri. Alipeleka mbolea kijijini, akashusha, akarudi. Mchana wote alikuwa juani akituona tunapakia. Tulichelewa kwa sababu matenga mengine yalitoka shamba la mbali. Tulimaliza kupakia na kufunga turubai saa 3 usiku. Ndipo tukaondoka.

KITONGA, MLIMA WA KONA NYINGI

Kutoka Ilula barabara inakwenda mpaka ukingo wa nyanda za juu. Hapo ndipo penye mteremko wa Kitonga. Kama hujapafika, fikiri hivi. Upande mmoja kuna ukuta wa mlima. Upande wa pili kuna bonde refu. Katikati kuna barabara inayojikunja kama nyoka. Malori yanayopanda yanakwenda polepole, yakinguruma. Malori yanayoteremka yanakwenda kwa gia nzito, ili breki zisipate moto.

Tulianza kuteremka Kitonga yapata saa 4 usiku. Hesabu pamoja nami, ndugu msomaji. Kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku ni saa 17. Kijana alikuwa macho saa 17 mfululizo, na safari ilikuwa bado changa.

Alishuka vizuri. Mlima wenyewe ulimkazia macho. Kila kona ilimtaka ashike usukani kwa nguvu. Mtu akiwa na hofu kidogo, usingizi hukaa mbali. Lakini hauondoki. Unamsubiri chini ya mlima.

RUAHA MBUYUNI, NENO NILILOSEMA

Chini ya Kitonga hewa inabadilika. Juu ulivaa koti, chini unalivua. Ni bonde lenye joto. Hapa ndipo Ruaha Mbuyuni. Watu wa hapa wanalima vitunguu. Mchana utaviona vimepangwa barabarani, vyekundu na vinang'aa. Mbele kidogo kuna mibuyu mingi sana, mikubwa kwa midogo. Usiku taa za gari zikiipiga, utadhani ni watu wazima wamesimama wakiangalia wapita njia.

Hapo Mbuyuni tulipata pancha. Utingo na dereva walibadili tairi. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa nzima. Walipomaliza, kijana alikaa kwenye benchi la mama muuza chai. Alipiga miayo mara tatu. Alifikicha macho. Kisha akaniambia kwa heshima:

"Mzee, naomba nilale kidogo. Hata nusu saa tu."

Nami nikajibu: "Kijana wangu, nyanya hazilali. Soko linaanza alfajiri. Tukichelewa, wenzetu watakuwa wameshauza."

Nilimnunulia kahawa. Nikamwongezea shilingi elfu tano ili achangamke. Alinyamaza. Hakubisha, maana mimi ni mtu mzima na ndiye mwenye mzigo. Akanywa kahawa, akapanda gari.

Hilo ndilo kosa langu. Niliona nimemsaidia. Kumbe nilimnunua.

BARABARA HII INA HISTORIA

Kabla hatujafika Mikumi, nikueleze kidogo habari za barabara hii. Wengi huiita barabara ya Tanzania na Zambia. Inatoka Dar es Salaam, inapita Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya, mpaka Tunduma mpakani.

Mwaka 1965, tarehe 11 Novemba, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao peke yao, bila ridhaa ya Waafrika walio wengi. Njia ya Zambia ya kupata mafuta kupitia kusini ikaharibika. Mafuta yakaanza kupita Dar es Salaam. Malori yaliyobeba mapipa yalikwenda mchana na usiku. Wakati huo sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya vumbi na matope. Madereva wengi walipoteza maisha. Wageni waliipa barabara hiyo jina la njia ya jehanamu.

Baadaye mambo yalibadilika. Bomba la mafuta la TAZAMA lilimalizika mwaka 1968. Barabara ikatiwa lami. Reli ya TAZARA ikajengwa, ikakabidhiwa mwaka 1976.

Sasa fikiri. Zamani barabara mbaya ilimwamsha dereva. Kila shimo lilimpiga kofi. Leo barabara ni laini na imenyooka. Gari linaimba wimbo mmoja, mistari myeupe inapita mmoja baada ya mwingine. Ni kama mama anayembembeleza mtoto. Barabara nzuri imetuondolea matope, lakini haikutuondolea usingizi.

MIKUMI, SAA NANE USIKU

Baada ya bonde la mibuyu kuna milima ya Iyovi. Baada ya Iyovi kuna mji wa Mikumi. Hapo ndipo njia ya kwenda Kidatu na Ifakara inapochepuka. Mji huu una nyumba za wageni, mama lishe na mahali pa kuegesha malori. Madereva wengi hulala hapo. Tulipopita niliyaona malori yamejipanga, taa zimezimwa, watu wamelala. Mimi nikasema moyoni: "Hao wavivu."

Ukitoka mjini unaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964. Barabara kuu inapita ndani yake kwa kilomita 50 hivi. Mchana ukipita utaona swala, twiga, nyati, pundamilia, na mara nyingine tembo. Yapo mabango yanayoonya kuhusu mwendo. Yapo pia mabango yanayotaja faini ya kumgonga mnyama. Yapo matuta ya kupunguza mwendo. Usiku wanyama huvuka barabara bila kupiga honi.

Tulikuwa watatu ndani ya gari. Utingo alilala, kichwa kimeegemea mlango. Mimi nami nilisinzia. Ndugu msomaji, hilo nalo ni kosa. Dereva akiona wenzake wote wamelala, anabaki peke yake na usingizi wake. Ilikuwa kama saa 8 usiku. Kijana alikuwa ametimiza saa 21 bila kulala.

Niliamshwa na sauti. Si sauti ya honi wala ya kelele. Ilikuwa sauti ya changarawe chini ya matairi, kisha majani yakipiga bodi. Nilifumbua macho nikaona nyasi ndefu mbele ya taa, badala ya lami. Utingo akapiga yowe. Kijana akakanyaga breki. Lori likayumba, matenga yakalia nyuma, kisha tukasimama. Lilikuwa limelalia kidogo upande wa kushoto, lakini halikupinduka.

Hatukusema neno kwa muda. Kisha kijana akasema kwa sauti ndogo:

"Mzee, sikuona kitu. Nilikumbuka bango la twiga. Kisha nikasikia changarawe."

Kati ya bango na changarawe, yeye hakuwapo. Gari lilikuwa linajiendesha lenyewe.

Hatukuweza kushuka. Ni hifadhi, na usiku ni wa wanyama. Upande wa pili wa barabara tuliona macho mengi yaking'aa kwenye taa. Tuliwasha taa za tahadhari tukabaki ndani. Dakika chache baadaye kijana alikuwa amelala fofofo, kichwa juu ya usukani. Sikumwamsha. Safari hii sikumwambia kwamba nyanya hazilali.

ASUBUHI TULIHESABU HATUA

Kulipokucha, askari wa hifadhi walifika na gari lao. Walitupa pole. Walisimama nasi tuliposhuka, ili tuwe salama. Tuliangalia alama za matairi. Zilianza pale lori lilipoacha lami. Nilizifuata kwa miguu, nikahesabu. Nilihesabu hatua 70 kabla ya kuona mahali breki ilipoanza kushika.

Hatua 70 bila breki! Mtu aliye macho akiacha njia hukanyaga breki mara moja. Aliyelala hakanyagi. Ndiyo maana ajali za usingizi huwa mbaya sana. Gari linagonga kwa mwendo wake wote. Mbele yetu, hatua chache tu, kulikuwa na karavati la zege. Tungelifikia, pengine nisingeandika habari hii.

Lori jingine lilituvuta. Tulifika Dar es Salaam saa 9 alasiri. Soko la Ilala lilikuwa limepoa. Wanunuzi wakubwa walikuwa wamekwenda zao. Matenga 14 yalikuwa yamepondeka. Mengine nikauza kwa bei ya chini.

Sasa tufanye hesabu ya mtu mzima. Kijana aliomba nusu saa. Mimi nilimnyima nusu saa, nikapoteza karibu siku nzima ya soko. Nilipoteza matenga 14. Nililipa gharama za kuvutwa. Na hiyo ndiyo bahati nzuri. Bahati mbaya ingekuwa watu watatu wasiorudi nyumbani. Wahenga walisema, kawia ufike. Mimi nilitaka kuwahi, karibu nisifike kabisa.

USINGIZI UNAVYOFANYA KAZI

Baada ya safari hiyo nilitaka kujua. Niliuliza kwa wanaofahamu, nikasoma. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, usingizi ni deni. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila siku. Ukilala saa 4, unadaiwa saa 3. Kesho ukilala saa 4 tena, deni linakua. Deni hili halilipwi kwa fedha, wala kwa kahawa, wala kwa ujasiri. Hulipwa kwa kulala tu.

Pili, uchovu unafanana na ulevi. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walitangaza matokeo ya jaribio. Waliwapima watu waliokaa macho muda mrefu, wakawalinganisha na watu waliokunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake hupungua sawa na mtu mwenye gramu 0.05 za pombe katika mililita 100 za damu. Nchi nyingi haziruhusu dereva kuzidi kiasi hicho. Akikaa macho saa 24, anakuwa sawa na mwenye gramu 0.10. Hicho ni zaidi ya kiwango cha sheria yetu ya Tanzania, ambacho ni gramu 0.08. Kwa hiyo kijana wangu alipoanza kushuka Kitonga alikuwa kama amekwisha kunywa. Hakugusa pombe, lakini alikuwa kama mlevi.

Polisi wa barabarani ana kifaa cha kupima pombe. Dereva akipuliza, kinasema. Hakuna kifaa kama hicho cha kumpulizia usingizi. Kipimo ni dereva mwenyewe, na wewe uliyekaa karibu naye.

Tatu, kuna usingizi mfupi sana. Ubongo uliochoka hujizima wenyewe kwa sekunde chache. Mara nyingine macho hubaki wazi. Dereva hajui kwamba amelala. Tazama hesabu hii. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde moja linapita mita 22. Dereva akilala sekunde 4, gari limekwenda mita 88 bila mwenyewe. Ni karibu urefu wa uwanja wa mpira.

Nne, mwili una saa yake. Kuna nyakati mbili ambazo usingizi huja kwa nguvu. Wakati wa kwanza ni kuanzia saa 8 usiku mpaka saa 12 alfajiri. Wakati wa pili ni mchana, kati ya saa 8 na saa 10. Ndiyo maana hata wewe ukitoka shambani ukala ugali, saa hizo macho huwa mazito. Sisi tuliingia Mikumi saa 8 usiku, katika wakati mbaya kuliko wote.

Tano, dawa nyingi za barabarani ni za uongo. Kufungua dirisha hakuondoi usingizi. Redio kubwa haiondoi. Kujipaka maji usoni kunasaidia dakika chache tu. Kahawa husaidia kidogo, lakini huchukua kama nusu saa mpaka ifanye kazi, kisha nguvu yake huisha. Wengine hutafuna mirungi. Mirungi inakatazwa na sheria ya Tanzania. Tena haiondoi uchovu, inauficha. Ikiisha nguvu, usingizi wote uliofichwa huja kwa pamoja.

DALILI ZA DEREVA ALIYECHOKA

Wewe si dereva, lakini una macho. Dereva aliyechoka ana dalili. Zijue.

Anapiga miayo mara kwa mara. Anafikicha macho. Kichwa kinaanguka mbele, kisha kinainuka ghafula. Gari linayumba, linakanyaga mstari wa kati au ukingo wa lami. Mwendo unapanda na kushuka bila sababu. Ukimsemesha, anachelewa kujibu. Ukimwuliza tumepita kijiji gani, hakumbuki.

Ukiona dalili hizi, usinyamaze. Mwambie kwa adabu: "Dereva, naona umechoka. Simama kidogo." Kumwambia si kumtukana. Ni kumwonyesha njia ya kurudi kwa watoto wake.

MABASI NA PIKIPIKI

Habari hii si ya malori tu. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena. Ruhusa hiyo inasaidia. Mgonjwa anawahi hospitali, mfanyabiashara anaokoa siku. Lakini usiku haukubadilika. Ule wa zamani ulikuwa na usingizi, na wa sasa pia unao. Kwa hiyo basi la safari ndefu linatakiwa kuwa na madereva wawili. Mmoja anapoendesha, mwingine apumzike kweli, si kukaa akipiga soga. Abiria mna haki ya kuuliza dereva wa pili yuko wapi. Kukiwa na hatari, simu ya dharura ya polisi ni 112.

Tuwakumbuke pia vijana wetu wa bodaboda. Wengine wanaendesha mchana kutwa, na usiku wanakesha kituoni. Pikipiki haina ukuta. Aliyesinzia juu ya pikipiki anaanguka yeye na aliyembeba. Kama mwanao ana pikipiki, mwulize kila jioni: "Leo umelala?" Ni swali dogo lenye faida kubwa.

TUFANYE NINI?

Mambo ni machache. Yakumbuke.

1. Kabla ya kukodi gari, uliza breki, uliza matairi, na uliza dereva amelala saa ngapi. Kama alikesha jana, tafuta mwingine au subiri.

2. Pakia mapema. Mkulima anayechelewesha mzigo anakula muda wa kulala wa dereva.

3. Patana mapema na dereva mahali pa kupumzika. Asimame kila baada ya saa 2 hivi, hata kwa robo saa. Ashuke, atembee, anywe maji.

4. Usingizi ukimshika, aegeshe mahali salama mbali na lami. Asilale katikati ya barabara wala kwenye kona. Anywe kahawa kisha alale dakika 20. Akiamka, kahawa nayo itakuwa imeanza kufanya kazi. Akae dakika chache kabla ya kuondoka, mpaka akili itulie.

5. Dakika 20 ni za kufikia mahali pa kulala tu. Haziwezi kuwa badala ya usiku mzima.

6. Unayekaa karibu na dereva, usilale. Zungumza naye. Wewe ni jicho lake la pili.

7. Usimpe dereva fedha ili asilale. Mpe muda.

MWISHO WA SAFARI

Kijana yule bado anabeba nyanya zetu. Sikumwacha, maana kosa halikuwa lake peke yake. Lakini tulikaa naye kitongojini, wakulima pamoja na akina mama wachambuaji. Tulizungumza bila kugombana. Tulikubaliana kwamba upakiaji utaisha saa 10 jioni. Siku ya safari dereva hapewi kazi nyingine. Anafika kwetu mchana, anakula, anapewa mkeka mahali penye kivuli, analala. Watoto wanaambiwa wasipige kelele. Na akifika mji wa Mikumi akiona macho mazito, anaegesha pamoja na wale niliowaita wavivu.

Mwanzoni wengine walinung'unika. Walisema tunapoteza muda. Siku hizi hawasemi. Wanaona nyanya zinafika, na anayezipeleka anarudi.

Wewe nawe, ndugu msomaji, mara nyingine utakapoweka tenga lako juu ya lori, utazame pia uso wa anayeshika usukani. Kama macho yake ni mekundu, mtandikie mkeka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwandishi alifanya makosa gani pale Ruaha Mbuyuni?

2. Kwa nini hapakuwa na alama ya breki katika hatua 70 za kwanza?

3. Dereva aliyeamka saa 10 alfajiri anatimiza saa 17 za kukaa macho saa ngapi?

4. Katika kijiji chenu, mazao hupakiwa saa ngapi? Mnaweza kubadili nini ili dereva apate kulala?